Jina Lako Bado Linaingia Kazini

Kaka Eliamani,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umelala kihambani kwenu Masama, chini ya migomba aliyoipanda baba yako. Yangu ni hasira. Nilitaka kukuandikia kabla haijanifanya nimjibu mtu mkubwa, lakini nimechelewa. Leo asubuhi nimeshamjibu.

Nianze na msiba. Sisi wa kiwandani tulipanda huko kwa lori la miwa, tukaimba, tukalia, tukalishwa. Dada zako walinicheka nilivyoshika bakuli la mtori, wakasema huyu mtu wa Tukuyu anakula ndizi kama anazikagua. Nikajua maneno hayo wameyatoa kwako. Siku ya kuanua matanga nilimwona mkeo, Mama Ndeshi, amenyolewa nywele, amempakata mtoto. Nikajiambia basi, yamekwisha, kaka yangu apumzike.

Jumatatu nikafika kazini, nikakuta kompyuta imeshawashwa. Karatasi ya kwanza kuchapwa ilisema umeingia kazini. Eliamani, saa mbili kasoro, kama kawaida yako.

Nilikaa chini.

Mashine hiyo ulinifundisha wewe, kwa maneno machache na makaripio mengi. Chakula nje, hata mtori wako wa kwenye chupa ya chai ulikuwa unaunywea ngazini. Umeme ukirudi usikimbilie kuwasha, ngoja kwanza utulie. Nakala za diski kila Ijumaa, moja ibaki hapa na nyingine ilale mbali, na wewe uliipeleka mwenyewe Pasua kwa dada yako, ikakaa kabatini pamoja na sahani za wageni. Na mara mojamoja uirudishe mashineni uone kama inasomeka, maana nakala ambayo hujaijaribu, ulisema, ni plastiki tu. Nilikuwa nakuona msumbufu.

Lakini amri yako kubwa ilikuwa ya majina. Kila mtu na jina lake la kuingilia, na neno lake la siri asilompa hata mke wake. Anayeondoka, jina lake linafutwa siku hiyohiyo. Karani wa stoo alipohamishwa ulimfuta wakati bado ana chupa ya soda mkononi, tunamuaga. Watu wakakupigia kelele, "We Eliamani, mwache basi amalize soda!" Ukasema, "Jina likibaki bila mwenyewe, mwingine atalivaa."

Sasa niambie, wewe uliyesema hayo, kwa nini ulimpa Mzee neno lako?

Najua kwa nini. Kwenye mikutano tunamwita Ndugu Meneja, lakini kwako alikuwa mzee wa kijijini kwenu, aliyesimamia ndoa yako, uliyemwamkia tangu ukiwa na kaptula. Ulipolazwa alikuja wodini na chupa ya maziwa, akakaa kitandani kwako, akaomba. Na jina lako ndilo pekee lililofungua kila kitu mle ndani, mpaka vibali vya sukari. Uliniambia huku unatazama ukuta: "Mzee wa kwetu, mdogo wangu. Amekuja na maziwa. Ningemwambiaje?" Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Sasa si mgonjwa tena, kwa hiyo nakwambia: ulikosea, kaka, na kosa lako limetuumiza sisi tuliobaki.

Baada ya mazishi nilimwomba nilifute jina lako. Akatoa leso, akajifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Mnataka kumfuta mapema hivi? Tumuenzi kwanza marehemu." Na neno lako la siri, jina la yule ng'ombe wako wa maziwa, akaliandika kwenye kadi na kuliegemeza kwenye simu yake. Ofisi nzima ikawa inaita "Sikitu, Sikitu," kama tuko zizini.

Unajua sukari ilivyo adimu. Sisi tunaoitengeneza tunapanga foleni na vikapu kama watu wengine. Na huku vibali vinachapwa kwa jina lako, vinakwenda kwa watu ambao hawajawahi kusimama foleni maishani mwao. Tarehe nayo akaichezea. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine haijui leo ni lini mpaka uiambie asubuhi. Akaiambia tarehe za nyuma, za wakati bado uko hai.

Wakaguzi walipokuja, aliwafungulia makaratasi mwenyewe, anatikisa kichwa. "Kijana wetu alikuwa hodari. Tamaa tu." Nikasimama. Nikasema siku zilizoandikwa humo Eliamani alikuwa wodini, hata kikombe alikuwa anashikiwa, na Mzee anajua, kwa sababu alikwenda kumwona. Mkaguzi mkubwa akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, marehemu hawezi kuja kujibu. Jalada tunalifunga." Kisha wakaenda kula chakula cha mchana.

Habari ilipanda Masama haraka kuliko basi. Mama Ndeshi alishuka kuja duka la ushirika, akasimama kwenye foleni, na mwanamke mmoja nyuma yake akasema kwa sauti, "Huyu naye anapanga foleni? Si mumewe ndiye aliyekula sukari yetu?" Alinisimulia bila kulia. Ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba hakulia. Alirudi mlimani na kikapu kitupu.

Jana wenzangu walipokwenda chai nilibaki. Nilichukua nakala kwanza, kama ulivyonifundisha. Nikaingia kwa jina lako, nikalipa jina langu uwezo wote uliokuwa wako. Nikatoka. Nikaingia kama mimi, nikaiambia mashine ikufute.

Ikaniuliza kama nina hakika. Inauliza hivyo kwa kila kitu, hata ukifuta barua ya kuomba sabuni. Lakini nilishindwa kubonyeza. Nilikaa na kidole hewani nikasema kwa sauti, "Nisamehe, kaka," kama mjinga, peke yangu chumbani. Nililia ile siku ya kukuzika, lakini si kama jana. Halafu nikabonyeza.

Leo asubuhi Mzee aliandika jina lako, mashine ikamkatalia. Akaandika tena. Akatoka nje ya mlango wake amevimba. "Nani kamfuta Eliamani?"

Wote wakainamia meza zao. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee. Nimemfuta mimi. Alishafariki."

Hakuitikia. Kaka, katika miaka yote niliyokaa Moshi sijawahi kuona mtu mzima akiamkiwa asiitikie. Alirudi ndani akafunga mlango, na mpaka naondoka hakutoka.

Pengine watanihamisha. Nimeshamwambia mwenzangu: siku hiyo anifute, hata kama bado nina soda mkononi. Tarehe nayo sasa tunaiweka wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Karatasi ya kukusafisha sina, na sitakudanganya kwamba nitaipata. Jalada lao limefungwa na wewe umo ndani. Ila Jumapili nitapanda Masama nimwambie Mama Ndeshi kwamba hakuna tena anayeingia kwa jina la mumewe. Na nakuahidi hili: siku ya mgao nitasimama naye kwenye foleni, na yeyote atakayefungua mdomo nitamwambia palepale, kwa sauti, ulikuwa wapi siku hizo na nani alikuletea maziwa. Wasikie wote, na yeye Mzee asikie.

Matanga ya kwenu yalianuliwa zamani. Ya kazini nimeyaanua jana.

Umeshatoka kazini, kaka. Lala.

Mdogo wako,
Tumpe