Maili Zangu, Kwenda na Kurudi

Jumanne, Musonoi, mjini Kolwezi, Kongo. Joto la Oktoba, na upepo unaoingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya kopo la sukari. Mvua inatutisha tangu Jumamosi lakini haijadondosha hata tone. Nimeamka na hasira na nimeshinda nayo. Jioni hii bado ninayo, ila imetulia, kama mtu aliyepata kazi aliyokuwa akiitafuta.

Nimekata tiketi ya kwenda likizo.

Naandika sentensi hiyo na kuiangalia. Mimi, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mjane, mtafsiri mstaafu, mzaliwa wa cité hii, mtaa wa wachimba migodi, ninakwenda Shelisheli kukaa siku kumi na mbili mbele ya bahari. Sitamuuguza mtu. Sitazika. Sitamwoza mpwa. Na kiti nimekilipa kwa maili, si kwa fedha.

Kwa wanaosoma hapa na hawajui mambo haya, nieleze kidogo. Miaka niliyoishi Johannesburg nilikuwa nikitafsiri mikutano ya watu wa madini. Ofisi ilinikatia tiketi, mimi nilipanda, na shirika la ndege liliniandikia maili kwenye akaunti kila safari. Pembeni nilikuwa na kadi ya mkopo ya benki, na kila nilichonunua kwa kadi ile kilizaa pointi. Nilipoifunga kadi, miaka sita iliyopita, kabla ya kurudi Kolwezi, nilihamishia pointi zote kwenye akaunti ya maili. Ukurasa wa benki mtandaoni ulinionya kwa herufi nene kwamba pointi zikishageuka maili hazirudi tena kuwa pointi. Nilicheka peke yangu jikoni. Sharti kama hilo ninalifahamu tangu zamani.

Maili hizo zinaisha muda wake mwisho wa mwezi huu. Zisipotumika, zinafutika.

Ndiyo maana binti yangu Ngalula alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Johannesburg. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu.

"Mama, tumikisha ile maili, ukuye huku kwangu. Kwenda tu. Hauna lazima ya kurudia kule."

"Kule wapi?"

"Kule. Unajua."

Kule. Alizaliwa katika hospitali ya kampuni, mwendo wa robo saa kutoka kwenye kiti nilichokalia. Nikamwacha aseme yake yote, kwa sababu nataka kuwa wa haki hata ninapokasirika, na sababu zake si za kijinga. Kila wanapolipua baruti shimoni, ufa wa ukuta wa jikoni unasogea. Nimeweka alama za penseli na ninajua ulipofika. Watu wanasema mtaa wetu nao utahamishwa, leo au mwakani, hakuna anayejua. Ninaishi peke yangu. Na kuna maneno. Mwezi uliopita, sokoni Manika, kijana mmoja nyuma yangu kwenye foleni alisikia ninavyotamka jina langu la watu wa Kasai akasema, "Treni yenu ilishaendaka, mama?" Wenzake wakacheka. Hakuwa amezaliwa treni ile ilipoondoka.

Ngalula aliongeza jambo moja lililonichoma zaidi. Alinikumbusha kwamba nusu ya pointi zile zilitokana na mboga na nepi za wanawe, kwa sababu alikuwa na kadi ya pili ya akaunti yangu. Ni kweli. Kwa hiyo alikuwa na sauti katika jambo hili, na alijua kwamba ninajua.

Nilimwambia nitafikiri. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Asubuhi ya leo nilitoa sanduku juu ya kabati ili nilifute vumbi. Mlango ulikuwa wazi. Mama Masengo, jirani yangu, aliliona kutoka uani kwake, akaja mbio na kitambaa cha kichwa mkononi, na machozi yakiwa tayari.

"Yaya, dada yangu! Ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Usinifiche. Ni kule Kasai?"

"Masengo, nakwenda kupumzika."

Alikaa chini. Akaangalia sanduku, kisha akaniangalia mimi kama anayepima homa kwa macho.

"Kupumzika? Shi kiti yako ile pale. Hata mi mwenyewe nitakuletea mayi ya baridi ya kunywa."

Sikumlaumu. Hapa kwetu mtu wa umri wangu haondoki nyumbani na sanduku ila kwa kilio. Tunapanda ndege kwenda kuzika, na tukirudi tunawahesabu watu waliokuja na waliokosa kuja. Katika maisha yangu yote nimesafiri kwa sababu ya kazi, kifo, au kufukuzwa. Sijawahi kusafiri kwa sababu nataka.

Nilivaa viatu, nikapanda pikipiki ya taxi-moto hadi Manika.

Wakala wa safari ninayemwamini anaitwa Clarisse. Ana ofisi ndogo kando ya kanisa, kompyuta moja, feni moja, na intaneti isiyokatika kama yangu. Ningeweza kujaribu kwa simu nyumbani, lakini ukikata tiketi kwa maili bado kuna kodi za viwanja vya ndege za kulipa kwa kadi, na mimi kadi sina tena. Clarisse anatumia ya ofisi, mimi namkabidhi dola taslimu. Nilipomwambia Shelisheli alipiga makofi. Alisema kule hawamsumbui Mkongomani kwa visa. Wanachotaka ni kuona kwamba una pa kulala na una tiketi ya kukutoa.

Aliniachia kiti niingie mwenyewe kwenye akaunti yangu. Nilivaa miwani, nikachagua Lubumbashi, nitakakofika kwa basi, nikachagua kisiwa, nikachagua siku, nikabonyeza. Clarisse, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani.

"Mama, umekosa. Umetia ya kwenda tu. Ya kurudia haiko."

Nikaangalia. Ni kweli. Ukurasa ule unafunguka wenyewe ukiwa kwenye kwenda na kurudi, maana huyo ndiye msafiri unayemtarajia. Mimi nilikuwa nimeiondoa ile alama ya kurudi kwa mkono wangu, bila kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Nilibaki nikitazama alama ile ndogo.

Tiketi zote za kurudi nilizowahi kuwa nazo zilikatwa na ofisi. Nilizozikata mwenyewe, kwa mkono wangu, zilikuwa za kwenda tu: basi la kuingia Zambia, basi la kushuka Johannesburg, ndege ya kurudi hapa baada ya kumzika mume wangu. Na safari ya kwanza kabisa haikuwa hata na tiketi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai na kampuni kabla sijazaliwa, akachimba shaba mpaka mgongo ukakataa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mwalimu wa Kifaransa katika shule ya kampuni hiyohiyo, siku tulipoambiwa kwamba sisi watu wa Kasai si wa hapa. Tulilala stesheni wiki tatu, Ngalula mgongoni mwangu, tukingojea treni ya kutupeleka Kasai. Mabehewa yalipofika hakuna aliyetuuliza tiketi. Hakuna aliyetuuliza tutarudi lini.

Hapo ofisini kwa Clarisse ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote neno likizo lilinishinda. Likizo ni ya mtu mwenye kwake. Anatoka akijua anarudi, na kurudi huko ndiko kunakoifanya safari yake kuwa likizo. Ukiondoa kurudi, hata bahari inakuwa uhamisho.

Nikairudisha alama mahali pake.

Lakini kompyuta nayo ilikuwa na neno lake. Viti vya kwenda vilikuwepo vingi. Viti vya kurudi kwa maili havikuwepo. Ndege ile ina viti vichache tu vya kutoa kwa maili, na watu wenye haraka huvichukua mapema. Tulijaribu Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Hakuna. Tulijaribu wiki iliyofuata. Hakuna. Clarisse alichoka kabla yangu.

"Mama, chukua ya kwenda leo, maili isipotee. Ya kurudia utatafuta kulekule."

Alisema kwa wema. Hakujua kwamba hayo ndiyo maneno tuliyoambiwa stesheni: nendeni kwanza, mengine mtayaona mbele.

"Hapana," nikasema. "Bila ya kurudi, sikati ya kwenda. Heri zifutike."

"Shi ni maili mingi, mama."

"Zifutike zote."

Alinitazama, akacheka, akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu yangu. "Sawa. Bakubwa ya Musonoi, bichwa nguvu. Tutafute."

Tulitafuta karibu saa mbili. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Mwishowe Clarisse akafanya ujanja ambao sikuujua: aliigawa safari ya kurudi vipande viwili, akatafuta kila kipande peke yake. Kipande cha kwanza, Jumatano, kilikuwepo. Cha pili, Alhamisi, kilikuwepo. Katikati yake kuna kusubiri uwanjani kwa muda wa saa kumi na tisa.

"Ni mingi sana kwa mutu ya miaka yako," alisema, akageuza kioo cha kompyuta ili nione vizuri.

Nilimwambia kwamba niliwahi kusubiri wiki tatu usafiri wa kuniondoa Kolwezi. Saa kumi na tisa kwa ajili ya kunirudisha ni mchezo. Nitachukua kitabu kinene na soksi.

Akabonyeza. Maili zikashuka, zikabaki chache zisizonifikisha hata Lubumbashi. Nililipa kodi. Akanichapia karatasi mbili, ingawa siku hizi haihitajiki, kwa sababu nilimwomba. Ya kwenda, na ya kurudi. Nimezikunja tofauti.

Nilimtumia Ngalula picha kutoka kwenye ngazi za ofisi. Alipiga simu kabla sijapata pikipiki.

"Mama, unarudia Kolwezi tena."

"Ndiko ninakokaa."

"Na ule ukuta ukianguka?"

"Utaanguka mimi nikiwa na tiketi ya kurudi."

Nilisikia mwanawe akidai kitu, na yeye akimwambia angoje. Nilitaka kumwambia kwamba sikatai nyumba yake, ninakatazwa na moyo kuondoka kwa mara ya pili kwa sababu ya watu walewale, safari hii nikiwa nimejifukuza mwenyewe na kwa pointi za nepi za wajukuu wangu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu, "Walinitoa mara moja. Mara ya pili sitawasaidia."

"Hauko unasikiaka mutu," akasema. Na baada ya kidogo: "Banasema jua ya kule ni kali. Beba kofia."

Hilo si kukubali. Lakini amekwisha kusoma habari za kule ninakokwenda, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfungia mwenzake sanduku. Leo sitaomba zaidi.

Sijifanyi shujaa. Ninaogopa kuogelea, sijui nitavaa nini, na huenda siku ya tatu nikachoka na bahari nikatamani vumbi langu. Ninaogopa pia kwamba Ngalula ana haki, kwamba siku moja barua ya kuhamishwa itapita chini ya mlango na sitakuwa na maili tena. Itakapokuja, nitaisoma nikiwa nimevaa miwani, na nitauliza wananihamishia wapi, na kwa karatasi ipi, na nitajibu kwa Kifaransa sanifu. Hiyo ni kazi ya siku hiyo.

Niliporudi jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya mchanga wa mgodi. Mama Masengo alikuwa uani kwangu, ananimwagilia lengalenga, mchicha wetu wa hapa, bila kuombwa. Wazazi wake wote wawili ni wa hapa. Mimi ni wa hapa kwa kuzaliwa, na wapo wanaosema hilo halitoshi. Yeye hajawahi kulisema. Hakugeuka. Aliniuliza huku akiendelea kumwaga maji, kama anayeuliza bei ya unga.

"Njo unaenda kweli?"

"Nakwenda."

"Na utarudia siku gani?"

Niliweka mkoba chini. Katika miaka sabini na mmoja, ni mara ya kwanza mtu wa mji huu kuniuliza swali hilo.

Nikatoa karatasi ya pili, nikaifunua, ingawa ninaijua kwa moyo.

"Alhamisi, siku zangu kumi na mbili zikiisha," nikamwambia. "Mchana. Uniachie na mimi lengalenga kidogo."

Alhamisi, basi. Atakayekuwa na neno na mimi baada ya hapo, ajue kwamba nitakuwa nyumbani.