Mbawala Aliyekuwa na Maziwa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na barua hii ikiwa ndefu nivumilie, maana kila nikianza kuiandika naona kama nasimulia ndoto, wakati jambo lenyewe nililishika kwa mikono yangu.

Mimi ni mkulima wa Ikinga, huku milimani Ileje. Mume wangu Gwamaka ni dereva wa Fuso ya tajiri mmoja, anabeba mahindi na mbao kupeleka Tunduma, na siku za soko huwa napanda naye na matenga yangu ya maparachichi kwa sababu Wazambia wanaovuka kutoka Nakonde wanayapenda. Mvua zilipoanza kupungua tulikuwa tunateremka alfajiri, ukungu umelala barabarani, taa zetu hazifiki mbali, na mbele yetu kulikuwa na lori ambalo tuliliona taa zake nyekundu tu, tukasikia kishindo kimoja, zile taa zikasita, halafu zikaendelea na kupotelea ukunguni, na sisi tulipofika tukamkuta mbawala jike amelala ubavu kando ya lami, mgongo umevunjika lakini anapumua.

Sijawahi kumkaribia mnyama wa porini namna ile, ana madoa meupe kama amenyunyiziwa chokaa, kope ndefu, pua imelowa umande, nikakaa chini nikakipakata kichwa chake na yeye hakuniogopa, au labda alikuwa ameshapita mahali pa kuogopa. Mume wangu alivua kofia akasimama. Ukungu ulikuwa unapita juu yetu taratibu, ndege mmoja analia bondeni, na mimi nikahisi kama Ileje nzima imenyamaza ili tumsikilize huyu mmoja, na pumzi zake zikawa zinakuja kwa mbali, kwa mbali zaidi, mpaka nikagundua kwamba nimekaa muda nikingoja nyingine na haiji. Nikang'oa majani mabichi nikamwekea mdomoni, maana ndivyo alivyokuwa akifanya bibi yangu mnyama wa porini alipoletwa nyumbani, akisema mnyama asiondoke na njaa.

Gwamaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Ambwene, tukimwacha hapa magari yatamsaga mpaka abaki doa. Huko ndiko kumdharau. Tumbebe, aliwe na watu."

Maneno yale yaliniingia, na mpaka leo sijui kama alikosea. Tukampakia, tukamfunika turubai, tukampeleka pale Mpemba, kabla hujafika Tunduma, kwa rafiki yake Danford mwenye kibanda cha supu, wakaanza kumchuna nyuma ya kibanda, mimi nimeshika mguu wa nyuma, na Danford alipombinya kiwele kwa bahati mbaya, maziwa yakanitiririkia kiganjani, ya vuguvugu bado, mshauri, na mama mtu ameshakufa. Danford akasema huyu ana mtoto, akaendelea kuchuna. Nikamwomba mume wangu turudi palepale, akasema mzigo unasubiriwa Tunduma na mtoto wa mbawala hafugwi.

Jioni tukirudi nilimsihi asimame. Nikaingia kwenye magugu peke yangu, jua limelala upande, kila jani lina rangi ya asali, nikaona mahali nyasi zimelala umbo la kiumbe mdogo, na hatua chache mbele alikuwa amesimama mwenyewe, miguu myembamba kama vijiti vya kuwashia moto, akaninyooshea shingo. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, lakini nilipomnyooshea mkono aliunusa, akanusa tena, akatoa sauti ndogo, akanitazama kana kwamba nimemficha mama yake mahali na sasa nitasema ni wapi. Akageuka akaingia vichakani, na kila nikipita naangalia lakini sijamwona tena.

Nyama tuligawana na Danford, yetu nikaipika na iliyobaki nikaikausha juu ya moto, na sitakudanganya, ilikuwa tamu, nililia huku nakula. Danford naye aliitia kwenye supu, wateja wakaisifu, na tangu hapo kila tukipita anamuuliza mume wangu, "Lini tena?", na mume wangu anacheka. Usiku nikisinzia yule mbawala huingia jikoni kwangu, hanilaumu, anasimama tu kwenye moshi akinusa nyama yake iliyoning'inia, na mimi namwambia karibu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni.

Sasa wiki iliyopita, jirani na pale pale, kumeshakucha na ukungu haupo, mbawala dume alitoka vichakani akasimama katikati ya lami. Nilimwona, mume wangu alimwona, mguu wake ulikuwa kwenye breki nikauona unahama, na gari likaongeza mwendo. Nikaudaka usukani, tukayumba, mnyama akaruka akaenda zake, na tulipofika karibu na nyumbani Gwamaka akasema yule angekufa siku yoyote, na kwamba nisipande tena gari lake kama nitakuwa naota mchana.

Mshauri, dhambi yetu iko wapi, ni kumwokota, ni kumla, au ni mtoto wake? Nyama bado ipo jikoni. Niitupe, nimwombee, nifanye nini ili nilale?

Mama Ambwene, Ikinga

JIBU

Mama Ambwene, marahaba. Majina yenu yote nimeyabadilisha, kwa hiyo usiogope kusoma hapa.

Kwanza pole. Kukaa chini kwenye umande na kupakata kichwa cha mnyama mpaka pumzi yake ikatike ni jambo ambalo wengi wangelipita kwa honi. Majani ya bibi yako yalikuwa na heshima, na kofia ya mume wako ilikuwa na heshima. Hapo sina ugomvi nanyi.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kurasa za ukungu na kope ndefu, na jambo zito kuliko yote umelitia mwishoni kana kwamba ni salamu za kufungia barua. Mguu uliohama kutoka kwenye breki ndiyo habari yako. Ndoto zako zimekuwa zikikuambia hivyo, nawe unahangaika na moshi.

Uliuliza dhambi iko wapi. Mimi si mchungaji, lakini njia mliyopita naiona. Mlimbeba asisagwe na magari, nikawaelewa. Akaingia kwenye sufuria ya biashara, na sufuria ya biashara hushiba leo kesho ikauliza lini tena. Kuanzia hapo mume wako hakuwa tena mtu aliyeokota mfu barabarani. Amekuwa mwindaji, na silaha yake ni Fuso ya tajiri iliyobeba mahindi na mke wake. Mnyama akigongwa kwa mwendo ule gari hupinduka. Na kwenye magugu ya kando ya barabara hawatoki mbawala peke yao, mama, hutoka na watoto wa watu.

Jambo jingine ambalo wote wawili mlijifanya hamlijui: mnyama wa porini ni mali ya umma, akiwa hai au akiwa amegongwa. Mlipaswa kumvuta pembeni, kumpigia mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori, na hata baada ya kuyaona yale maziwa, kuwaeleza mapema, wakati mtoto yule bado angeweza kutafutwa na watu wanaojua kazi hiyo. Sitakufariji kwa kukuambia yuko salama mahali fulani. Mdogo kiasi kile, bila mama, huenda hakufika mbali. Lilie hilo, una haki ya kulilia, kisha uinuke.

Nyama iteremshe leo. Usiitupe kwa siri, usimpe jirani, usiile. Ifunge, uende nayo kwa mtendaji, ueleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na habari ya supu. Siwezi kukuahidi kwamba hapatakuwa na adhabu, huenda ikawepo, lakini afadhali mwende kwa miguu yenu kuliko siku moja mfuatwe. Danford umwambie kabla, ili asishtukizwe, na umwambie pia kwamba akiuliza lini tena, atakayemjibu ni wewe.

Katika Fuso hupandi mpaka mume wako akuahidi kwa mdomo wake kwamba mnyama akitokea atakanyaga breki. Maparachichi yatapata gari jingine. Akiendelea na mchezo ule, mwambie tajiri wa gari. Utaitwa mke mchongezi. Itwa, kwa sababu mwanao anahitaji baba aliye hai na asiye gerezani.

Lakini kabla ya mtendaji na kabla ya tajiri, zungumza na mume wako. Usimletee ndoto, mwanaume akiletewa ndoto hupata mahali pa kukimbilia. Ngoja mchana, ameshakula, mtoto hayupo karibu. Huyu ni mtu aliyevua kofia mbele ya mbawala, hajapotea mbali kiasi cha kutosikia. Muulize swali moja tu: "Baba Ambwene, siku ile ulitaka kumgonga?" Kisha unyamaze. Atacheka, unyamaze. Atakasirika, unyamaze. Usimsaidie kujibu.