Majani Aliyoyaokota Mdoe

Jeppestown, Johannesburg
Mwezi wa saba, 2017

Kwa mdogo wangu Zubeda,

Assalaam alaikum. Mgongo wako unaendeleaje? Na michai yako ya nyuma ya nyumba, ukungu bado unashuka au mvua zimewatupa? Mimi mzima. Baridi ya huku imeniingia magotini lakini haijanishinda, hakuna kilichowahi kunishinda, na wewe unajua. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, leo siku ya tatu, maana habari hii simpi mtu aniandikie.

Nimemtia Mdoe mkononi.

Ndiyo, Mdoe yule yule, nyapara wetu wa shamba la chai, aliyemwaga kikapu chako mbele ya mizani watu wamejaa, akasema haya ni majani ya mbuzi, mchumaji mvivu. Wiki ile ile posa yako ikarudishwa, eti hawaoi mvivu. Wewe ulirudi kuchuma. Mimi nilingoja. Miaka arobaini si mingi kwa mtu mwenye kichwa kama changu.

Amekuja kumtembelea mwanawe, anayefundisha chuo huko Braamfontein. Ijumaa msikitini nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu, nikakijua kikohozi kabla sijaiona sura. Yeye hakunijua. Nikajitaja kuwa mimi Hemedi, mchumaji wake wa zamani, nikamkaribisha chai kwenye karakana ya mafundi cherehani ninapofanya kazi. Mimi ndiye mpika chai wao, na Jeppestown nzima hakuna anayenifikia.

Alikunywa kikombe kimoja akaanza majigambo. Eti baada ya unyapara alipandishwa kiwandani akawa muonjaji, eti chai ikigusa ulimi wake anakutajia mlima ilikoota. Nikamwambia mimi sikusoma, lakini dunia nimeisoma kwenye pakiti: Uchina ilikoanzia, Japani, Uturuki, Uajemi, hadi Ajentina kule wanalima chai. Akacheka.

"Wewe mchumaji," akasema, "pakiti haina ladha."

Mbele ya mafundi, Zubeda. Basi tukawekeana sharti. Jumamosi ya wiki inayofuata nitampa vikombe saba. Akivitaja vyote, nitapiga magoti na kumwita Bwana Nyapara kila atakapopita. Akikosa kimoja tu, atafanya nitakalosema mimi.

Wiki ile sikukaa chini. Duka la Mhindi kule Fordsburg nikapata ya Assam. Msichana mmoja Mkenya wa pale chuoni akanigawia ya kwao Kericho. Papa Kalume, fundi mkuu wetu, mtu wa Bukavu, akatoa ya Kivu aliyokuwa ameifungia sandukuni. Mlinzi wa geti ni Mmalawi, kwao Thyolo, naye akachota. Ya tano ni ya hapa hapa Afrika Kusini. Kumbe wanalima, huko Limpopo milimani. Ya sita nikamtegea mtego, ule mmea mwekundu wa huku wanaouita chai na wala si chai. Ya saba unaijua mwenyewe.

Mdoe akaja amevaa koti la mwanawe. Akaonja kama kiwandani, kufyonza kwa kishindo, kuzungusha mdomoni, kutema kwenye ndoo. "Assam." Kweli. "Kericho." Kweli. Akataja Kivu, Papa Kalume akaacha kushona. Akataja Thyolo. Ya Limpopo alisita, nikafurahi, kisha akaitaja. Ya sita akaitema kabla haijafika kooni.

"Hiki kichaka. Unanichezea?"

Nakuambia ukweli, hapo nilianza kuitazama sakafu. Papa Kalume akaninong'oneza, "Eish, Mzee, leo utamupigia magoti kweli." Nikamwambia anyamaze.

Kikombe cha saba Mdoe alikionja mara mbili. Hakutema. Alimeza.

"Seiloni," akasema. "Milima ya juu kabisa. Na aliyeichuma si mtu wa mchezo. Majani mawili na chipukizi, hakuna hata kikonyo."

Nikamwachia amalize kikombe. Kisha nikamwambia, "Hiyo imetoka Usambara, imechumwa, imesokotwa kwa viganja na kukaushwa nyumbani na Zubeda, mdogo wangu, uliyemwaga kikapu chake ukamwita mvivu, posa yake ikarudi."

Akanitazama sana. "Zubeda yupi?" akasema. "Hemedi, nilimwaga vikapu vingi."

Hapo ndipo, mdogo wangu, moyo ulipowaka upya. Ningejua anakukumbuka, pengine ningetosheka na kumcheka. Nikachukua pakiti yako, ile uliyomkabidhi dereva wa lori baada ya Idi, nikamwaga yote iliyobaki sakafuni kati ya vitambaa na nyuzi.

"Okota," nikamwambia. "Moja moja. Na vile vikapu vingine uvikumbuke humo humo."

Aliokota. Sharti ni sharti, na mafundi wote walikuwa mashahidi. Birika lilichemka mara mbili yeye bado yuko chini. Papa Kalume akasema, "Mzee, inatosha, ni muzee kama wewe." Nikasema haijatosha. Alipomaliza aliinuka kwa kushika cherehani, akanipa majani kwenye kitambaa. Mlangoni akaniomba nikufikishie kwamba anakuomba radhi. Nikamjibu mimi si posta. Kwa hiyo hapa sikuandikii ombi lolote la radhi, na usiniulize alivyolisema.

Najua utasema nimezidisha. Sema. Mimi nimelala vizuri tangu siku ile.

Msalimie shangazi Mwanaidi, dawa yake ya macho nimeipata. Mwambie mkwe wangu, baba wa wajukuu zangu, aache kukata michai chini mno. Salamu nyingi zaidi kwa binamu yetu Saidi, maana siku hizi yeye ndiye anayepima pale kwenye mizani, na utamhitaji.

Majani yenyewe yamo humu ndani ya bahasha. Ukiona yana nyuzi, usiyapepete. Nenda nayo kwenye mizani ile ile asubuhi watu wamejaa, uyamwage chini, urudi nyumbani. Wakikuuliza majani ya mbuzi haya ni ya nani, waambie ya Mdoe.

Ni mimi kaka yako asiyesahau,
Hemedi