Makapi ya Zabibu Niliyoyafukia

Neema mjukuu wangu,

Hapa Makutupora hatujambo, na shangazi yako kajifungua salama. Eti chuoni wamewaambia kwamba makapi ya zabibu, yale maganda yanayobaki baada ya kukamua mvinyo, yanatuliza matumbo ya vitoto vya nguruwe, na kwamba huo ni ugunduzi mpya? Upya gani! Wakati biashara huria inaingia, mimi nilishazoea kuyaanika na kuyachanganya na pumba, na vitoto vyangu havikuhara. Akaja muuza chakula cha nguruwe cha mifuko, akanicheka mbele ya majirani: “Mama, unalisha takataka?” Kwa aibu nikayafukia, nikanunua mfuko wake. Vikaanza kuhara. Nilipokwenda kwake kulalamika, nikakuta makapi yameanikwa uani, nguruwe wake wamenona. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Lakini hasira iliyobaki si juu yake. Ni juu yangu mwenyewe, niliyeshika jembe nikafukia nilichokijua.

Bibi yako