Shuka la Shangazi Bruria

Yiska, uko? Usicheke kwanza.

Shangazi Bruria amefunika picha ya Baba. Ile ya rangi za mafuta. MBICHI!

Si unajua matanga yetu Wayahudi, lazima vioo vifunikwe. Basi yeye hakubagua: kafunika vioo, kabati la vyombo, hata runinga. Kisha akaingia chumba changu cha kuchorea na shuka.

Ndiyo picha ya mwisho Baba aliyonikalia nimchore. Amejitanda shali la sala, na herufi za zaburi zinapanda kutoka mdomoni mwake kama mvuke wa chai. Amefariki haijakauka.

"Shangazi, rangi mbichi hiyo!"

"Sasa ningejuaje? Mji mzima huu wa Safed wachoraji, hakuna hata mmoja anayebandika onyo!"

Mbichi, Yiska! Shuka limenata. Tukalibandua taratibu, yeye anaomba, mimi nalia, kaka yangu Elkana anacheka hadi anakaa chini.

Picha imepona. Pua tu ndiyo imepungua.

"Afadhali," akasema Shangazi. "Kaka yangu alikuwa na pua ya kugawia majirani."

Lakini shuka sasa! Baba mzima yumo, na zaburi yake imegeuka, kila herufi inatazama kule. Nikalikunja nikalitie kwenye maji. Akaninyang'anya.

"Wee binti, koma! Sisi tunaisoma kutoka huku. Yeye sasa anaisoma kutoka upande wa pili."

Elkana akaacha kucheka.

Nimelitundika kando ya picha. Shangazi amekaa mbele yake tangu asubuhi, na hajalifunika.