Mlango wa Mama Hauzibwi kwa Amri ya Nairobi

Alhamisi, wiki ya pili ya likizo ya Aprili. Homa Bay. Mvua ilianza mchana na mpaka sasa jioni haijaamua kuisha. Nimechoka mabega, lakini akili iko macho na inatafuta ugomvi.

Ninashikilia hivi, na nitaendelea kushikilia mpaka mtu aniangushe kwa hoja: nyumba mpya ijengwe na mkandarasi, lakini nyumba ambayo tayari ina mtu ndani yake ikarabatiwe na wenyewe.

Sababu yangu ni nyepesi kueleza na ngumu kupinga. Kiwanja kitupu hakimdai mtu yeyote heshima. Mkandarasi akipima, akachora, akasimamisha kuta, hakuna anayekwazika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuishi pale. Nyumba inayokaliwa ni jambo tofauti. Ndani yake kuna mtu mwenye mazoea, na mazoea hayo hayaonekani kwa futi ya kupimia. Mkandarasi humtii anayelipa. Na mara nyingi, katika familia zetu za siku hizi, anayelipa hayuko pale.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya Migori. Nina shahada, ninasoma kuliko ninavyolala, na siku hizi nina simiti chini ya kucha. Sioni aibu. Kanisani Jumamosi iliyopita, maana sisi ni Wasabato, mtu mmoja aliniuliza, kwa sauti ya pole kabisa, kama shahada imeshindwa kunipa kazi hata nimegeuka fundi. Nilimjibu kwamba shahada ndiyo iliyonifundisha kutoamini kila ninachoambiwa na mtu mwenye mchoro mkononi.

Nyumba ninayoizungumzia ni ya mama yangu, juu kidogo ya ziwa. Baba aliijenga kwa miti na udongo, akaiezeka mabati, akafariki kabla ya kuipiga plasta. Mlango wake wa mbele unatazama lango la boma, kama ilivyo desturi ya nyumba ya mama kwetu Wajaluo. Kwa bahati mbaya, unatazama pia ziwa. Mvua ikija na upepo, maji huingia bila hodi na kufika mpaka kwenye kiti cha mama, na mama ana magoti yasiyopenda baridi.

Kaka yangu mkubwa, Odhiambo, anafanya kazi Nairobi. Ndiye aliyeamua kwamba mwaka huu nyumba itengenezwe, na kwa hilo ninamshukuru bila kejeli yoyote. Alitafuta mkandarasi mjini Homa Bay. Mkandarasi akaja mara moja, akapima, akapiga picha, akachora. Mchoro ukatumwa Nairobi na ukakubaliwa Nairobi: mlango wa mbele uzibwe kwa matofali, mwingine utobolewe ubavuni, upande wa jikoni, ambako upepo haufiki.

Kwa hesabu ya upepo na maji, ni suluhisho safi.

Mama hakuoneshwa mchoro.

Mchoro huo nilikuwa nimeuona wiki iliyopita katika kundi la familia, nikaupinga humohumo kwa maandishi marefu. Hakuna aliyejibu. Nikadhani kimya chao ni dalili ya kukubali, nikaendelea na plasta ya ukuta wa nyuma. Leo asubuhi nikagundua kwamba kimya chao kilikuwa na lori. Lilipita langoni likiwa na matofali, nyundo kubwa, na vijana wa kazi wakiongozwa na Fundi Chacha, mtu wa Kehancha, mpole, asiyejua Kijaluo hata cha kuombea maji. Wakapanga matofali kando ya kizingiti. Mama akawatazama, akaingia ndani, akatoka na kigoda na ungo wa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, akaketi katikati ya mlango.

Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Hukitumia kwa wageni, na hukitumia kama panga.

“Mama, tusaidie kidogo,” Chacha akasema. “Tunataka kuanza hapo.”

“Anza. Kwani nimekukataza? Mimi niko kwa nyumba yangu, nachambua omena.”

“Lakini umekaa kwa mlango, mama.”

“Sasa ulitaka nikae kwa dirisha?”

Vijana wakacheka. Chacha naye akajizuia, akashindwa.

“Mama, sisi tumetumwa tu. Plani inasema hapa inafungwa. Mtakuwa mnaingilia kule kwa jikoni.”

“Huyo plani atalala hapa? Mgeni akiingia kwa geti, nitamuona na nini, na mgongo? Ama mnataka nikuwe natokea kando kama kuku ameiba mahindi ya watu?”

Hapo nikaona ni wakati wa kuingilia. Nikamwambia Chacha kwamba kazi ya mlango imesimama. Kijana mmoja aliyebeba nyundo akanipima kwa macho, toka simiti ya viatuni mpaka miwani.

“Mwalimu, kwani wewe ulisomea ujenzi?”

“Nilisomea Historia.”

“Basi rudi kwa Wamisri, utuachie ukuta.”

“Wamisri walijenga, ndugu yangu. Na mpaka leo kuta zao zimesimama.”

Tulicheka sote, na nakiri kijana yule ana ulimi ninaoutamani. Lakini kazi ilikuwa imesimama kweli. Chacha akampigia mkandarasi, mkandarasi akapiga Nairobi, na Nairobi ikanipigia mimi. Mikono yangu ilikuwa na tope la simiti, kwa hiyo niliweka simu juu ya tofali na kuiachia sauti yote.

“Omera, ndugu yangu, wewe ni nani wa kusimamisha kazi yangu?”

“Ni mtoto wa mwenye nyumba.”

“Na mimi ni mtoto wa nani?”

Swali zuri. Hakunipa nafasi ya kulijibu. Alisema mafundi watarudi Jumatatu. Wakikuta mlango umekaliwa tena, atafunga kazi yote, atakuja mwenyewe, atamchukua mama na kwenda kukaa naye Nairobi, kwenye ghorofa, ambako mvua haiingii.

Mama alisikia kila neno. Yeye ndiye aliyewachekesha mafundi asubuhi nzima. Aliinuka, akaingia ndani, akawa anatafuta chumvi ambayo ilikuwa mbele yake mezani.

Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Nieleze jambo la mlango kwa wasomaji wasio wa kwetu. Machoni pa kizazi cha mama, nyumba ya mama iliyozibwa uso na kugeuzia lango ubavu ni nyumba ya boma lililokwisha. Kaka anaiita imani ya giza. Mimi pia siamini kwamba matofali yanaweza kumlaani mtu. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba desturi inayodumu mara nyingi hubeba akili ndani yake, na si lazima uamini hofu yake ili uione akili hiyo. Mama ni mjane anayekaa peke yake. Kutoka mlangoni pale huona lango, njia, kichanja cha kuanikia omena, na kila mtu anayeingia kabla mtu huyo hajamuona yeye. Kwa mwanamke aliye peke yake, mlango ule ndio mlinzi wake. Ukiuhamishia jikoni, utakuwa umemkausha miguu na kumfumba macho.

Mkandarasi hakulijua hilo. Simlaumu, angelijuaje? Aliangalia maji, akayapatia dawa. Na ndiyo hoja yangu yote: alitatua tatizo aliloelezwa kwa simu na mtu aliye mbali.

Sasa nimtendee kaka haki. Mchana aliandika katika kundi la familia hoja moja ambayo haina upuuzi. Alisema: mwalimu amebakiza wiki moja ya likizo, shule ikifunguliwa atarudi Migori, na mama atabaki na nyumba nusu. Fundi mwenye mkataba unaweza kumshika shati. Ndugu mwenye ari utamshika nini?

Iliniuma. Nimeona nyumba nyingi za aina hiyo huku kwetu, zenye upande mmoja wa plasta na upande mmoja wa ahadi za kijana aliyekuja likizo. Nami ukuta wangu wa kwanza ulinidhalilisha. Niliubandika simiti juu ya udongo mkavu, bila wavu, nikaenda kulala nikijisifu. Ulipokauka ulipasuka kama tope la bwawa kiangazi. Mama aliutazama akasema tu, “Wuoda, mwanangu, huu umezeeka kabla yangu.” Nikaubandua wote, nikapigilia wavu wa kuku, nikaulowesha ukuta vizuri, nikaanza upya. Sasa umeshika, ukiugonga unajibu kwa sauti nzito.

Lakini tazama tofauti. Kosa langu lilionekana na mwenye nyumba, likachekwa, likasahihishwa ukuta uleule. Kosa la mchoro lilipitishwa, likapakiwa kwenye lori, na kama mama asingekuwa na kigoda, sasa hivi lingekuwa limekauka.

Nina jibu la mvua pia, na si la maneno. Tangu mwanzo wa wiki nimekuwa nikisimamisha nguzo za kibaraza mbele ya mlango. Chacha na watu wake walipoondoka, nilipanda ngazi na kuanza kupigilia mabati, mama akiwa chini akinipa misumari na amri. Alinikaripia kwa kila msumari uliopinda. Tulimaliza paa lenyewe mvua ikianza kutupiga usoni.

Kisha tukaingia ndani, tukaketi, tukaitazama sakafu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Kiti cha mama kilibaki kikavu. Pale kizingitini palibaki pakavu. Kona ya kulia iliingiza maji, kwa sababu upande huo unahitaji ukuta mfupi wa kuvunja upepo, nami sijaujenga. Sitasema nimeshinda. Nitasema kwamba kwa mara ya kwanza mlango ule ulikuwa wazi, mvua ya ziwani ikinyesha, na mama ameketi mahali pake akitazama lango.

Wala sidai kwamba mtu afanye kila kitu mwenyewe. Nyaya za umeme sitazigusa. Nitamwita fundi wa umeme mwenye kibali, nami nitasimama mbali. Ningekuwa ninajenga nyumba mpya kule Migori, ningemtafuta mkandarasi kesho, na ningemwomba Chacha awe msimamizi wangu, maana ni mtu anayejua kazi na anayejua kuondoka mahali bila matusi. Nabishania kitu kimoja tu: kazi iliyo ndani ya maisha ya mtu aanze nayo anayemjua mtu huyo, na wataalamu waje nyuma yake.

Kuhusu likizo yangu, ninajifunga hapa mbele ya wote. Kesho ninajenga ule ukuta mfupi, na jua likizama nitaosha mwiko na kuuweka chini kwa heshima ya Sabato ya mama. Jumapili nitarudi kazini. Shule ikifunguliwa kibaraza hakijakamilika, nitampigia Chacha mimi mwenyewe, aje amalizie kwa malipo, kwa sharti kwamba mlango ubaki ulipo. Yatakayobaki ya ndani nitakuja kuyafanya kila Jumapili. Migori si ng'ambo. Umeniuliza utanishika nini, kaka. Umenishika maandishi haya.

Nimejibu hoja yako. Sasa ni zamu yangu kukuuliza, na ninakataa kujibiwa gizani.

Kaka Odhiambo, ninajua unausoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, kwa sababu kila ninapokosea tarehe ya tukio lolote hunitumia ujumbe. Usinipigie simu. Usimtumie shangazi aje kunituliza. Usiandike kule kwenye kundi la familia, ambako maneno yako yatafunikwa na salamu za asubuhi kabla mtu hajayapima. Andika hapa chini, kwa jina lako, ndugu, majirani na huyo mkandarasi wako wakisoma, kabla ya lori kurudi Jumatatu. Swali ni moja, wala halihitaji shahada: katika mipango yote hii, ya matofali na ya ghorofa ya Nairobi, ni siku gani ulimuuliza mama anataka kuishi wapi, na kuingia kwake kwa mlango upi?

Ameketi hapa pembeni yangu. Nimemwambia kwamba nimekuandikia, na anataka nimsomee utakachojibu.