Sokwe Mwenye Mkia

Newala, Jumapili

Kaka Rama,

Hamjambo wewe na sokwe unaowalinda huko msituni? Hapa ukungu hupanda kutoka bondeni mpaka mlangoni kwa mjomba, na mikorosho huonekana kama inaelea. Jirani yetu ni mchongaji wa mpingo, aliyekimbia vita Msumbiji pamoja na mkewe, Mama Atanasi. Jana nilimkuta akichonga sokwe mwenye mkia mrefu. Nilisitasita, kisha nikajikaza.

"Shikamoo, Baba. Samahani, sokwe hana mkia."

"Marahaba. Siku mbili nahangaika na mkia, ndiyo unaniambia leo!" Alicheka, akaukata. "Haya, mtoto anambebaje?"

Nilimweleza ulivyonifundisha. "Mgongoni. Hata mtoto akifa, mama humbeba siku kadhaa."

Mama Atanasi aliacha kutwanga muhogo. "Nami nilivuka Ruvuma hivyo," alisema taratibu.

Ndipo nikaelewa kwa nini sijawahi kumwona Atanasi. Ukungu uliingia uani ukatufunika sote.

Kaka, wale wategaji wa sokwe wasiokusikiliza, wasimulie habari za mama huyu. Labda wataitegua mitego yao.

Mungu akuepushe na nyoka na homa.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura